Jaa Chumbani kwa Redio

Fundi alikuwa anapinda sketi ya ishirini na tatu, kati ya arobaini alizopewa na shule, aliposikia kitu kinakwaruza ukuta wa nje. Alidhani ni mbuzi wa jirani anajikuna. Akakanyaga cherehani, pindo likasogea inchi mbili, kitu kikakwaruza tena. Akatoka na sindano mdomoni.

Hakuwa mbuzi. Alikuwa mzee mwenye ovaroli ya bluu na kopo la rangi nyekundu, na tayari alikuwa ameshachora nusu ya alama ya mkasi, ile X ya nyumba za kuvunjwa, kwenye ukuta wa chumba chake cha kushonea. Nyuma yake alisimama afisa mipango wa manispaa na kishikwambi mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ungeweza kukatia kitunguu.

Fundi akaitoa sindano mdomoni, maana maneno yaliyokuwa yanakuja yalihitaji nafasi.

“Ukuta wangu umewakosea nini?”

“Shikamoo, mama,” afisa alisema.

“Marahaba. Ungeanza na salamu kabla ya rangi.”

Afisa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshatukanwa mara saba tangu asubuhi. Akaeleza bila kupumzika, kama anayesoma ubaoni, kwamba majengo yote yaliyo ndani ya mita kumi na tano kutoka ukingo wa mto yataondolewa kabla ya mvua, kwa usalama wa wenyewe, na kwamba safu hii yote, nyumba kumi na moja, imo ndani ya mita hizo. Siku kumi na nne. Karatasi ya taarifa hii hapa, na ramani imebanwa nyuma yake.

“Umepima lini?” Fundi aliuliza. “Nimekaa kwenye dirisha hili tangu kunakucha. Sijaona mtu na futi.”

“Hatukuwa na haja ya kupima. Ramani ipo, na tena si yetu, mama. Ni yenu. Wanafunzi wa shule yenu ndio walioitengeneza, wakiwa na mwalimu wao wa jiografia. Kazi nzuri mno! Ilitoka hata kwenye kijarida cha walimu.”

Mzee wa ovaroli akamalizia mkono wa pili wa mkasi. Rangi ikachuruzika mpaka kwenye kizingiti.

Kijarida hicho Fundi alikijua vizuri. Alisomewa mwezi uliopita, akiwa ameegemea meza yake ya kukatia, kuanzia kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho. Aliyemsomea, sauti ikimtetemeka kwa furaha, alikuwa mkamwana wake mwenyewe.

Kila mtu mtaani alimwita Mwalimu, hata mama mkwe wake. Jioni ile alipita mbele ya alama saba nyekundu kabla ya kuifikia ya kwao, na watu wote waliokuwa wamekaa mlangoni walikuwa wameshaambiwa ramani ni ya nani. Hakuna aliyemtukana. Walimwangalia tu, kisha wakaangalia miguu yao. Alifika nyumbani amekumbatia madaftari ya wanafunzi kama mtu aliyeokoa mtoto majini.

“Mama, ile ramani ilikuwa ya takataka,” alisema, bado yuko mlangoni. “Tulitaka manispaa ione uchafu unavyotupwa mtoni. Majaa, matairi, mafuta ya gereji. Nyumba niliziweka ili watu waelewe wako wapi tu.”

“Basi wametuelewa,” Fundi alisema. “Wametuelewa mpaka wametufuata na rangi.”

“Sikujua wataitumia hivi.”

“Ulijua itasomwa?”

“Nilijua.”

“Na ulitaka isomwe.”

Mwalimu akayaweka madaftari mezani. Kijarida kile hutumwa kila mwezi kwenye simu za walimu wanaofundisha kwa kutumia ramani, kikiwa na habari za mazingira na za jamii kutoka shule mbalimbali. Miaka miwili alikuwa anasoma habari za wenzake. Safari hii ilikuwa habari yake. Alitaka isomwe, kwa nini aseme uongo?

Mwana wa Fundi, mwashi, aliingia na saruji kwenye nyusi. Alikuwa ameiona alama. Chumba kile alikijenga mwenyewe miaka mitatu iliyopita, akakipachika nyuma ya nyumba, upande wa mtoni ambako mwanga ni mzuri, ili mama yake aache kushonea barazani kwa watu. Alimtazama mama, akamtazama mkewe, akajiona kama kitambaa kinachovutwa pande mbili.

“Tutaona cha kufanya,” alisema.

“Cha kufanya ni kipi?” mama yake aliuliza.

“Ndiyo hicho tutakachokiona.”

Kesho yake mteja wa kwanza hakuja kupimwa. Alikuja kuchukua kitambaa chake, cha nguo ambayo binti yake angeivaa siku ya mahafali.

“Si kwamba sikuamini, Fundi,” alisema, macho yakiranda kwenye alama nyekundu. “Ila wewe mwenyewe unaona. Wakija kuvunja na kitambaa kimo ndani?”

“Wamesema siku kumi na nne. Mimi nguo yako naimaliza kwa siku tatu.”

“Najua. Lakini moyo wangu hautatulia.”

Fundi alikikunja kitambaa kwa utaratibu, pembe juu ya pembe, kama vile anakikabidhi kikiwa kimeshonwa. Miaka yote ya ushonaji hakuwahi kurudisha kitambaa ambacho hakijaguswa na mkasi. Alijulikana kwa vipimo vyake. Watu wakipimwa huvuta tumbo ndani, wake kwa waume, ili waonekane wembamba mbele ya utepe, na Fundi huwagonga kwa kidole kitovuni na kuwaambia, “Achia tumbo. Nguo nakushonea wewe, sikushonei huyo unayetamani kuwa.” Wengine walinuna. Lakini nguo zake hazikuwahi kumpasukia mtu hadharani.

Mwalimu naye alirudi mapema siku hiyo. Mwalimu mkuu alimwita ofisini na kumwambia shule imepokea simu za wazazi, na kwamba labda somo la ramani lisimame kwanza. Darasani, mwanafunzi mmoja anayetoka kwenye safu ile alikuwa amehamisha dawati lake mpaka nyuma kabisa. Mwalimu akaingia chumbani kusahihisha madaftari. Akafunga mlango.

Haikupita nusu saa, mlango wa mbele ukapigwa teke la kistaarabu. Alikuwa jirani yao muuza mkaa. Mtaa ulimwita Redio, kwa kuwa habari zote zilisikika kwake kwanza, tena hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mkononi alikuwa ameshika ramani iliyoambatishwa kwenye taarifa ya manispaa. Ilikuwa na alama ya vidole vyake vyeusi kila pembe.

“Fundi, nakuheshimu,” alianza, na alivyoanza hivyo Fundi akajua heshima yenyewe inaishia hapo. “Nyumba ivunjwe, sawa. Tunavunjwa wote, hatupendelewi. Lakini mkamwana wako ana kisa gani na mimi?”

“Amefanya nini tena?”

“Ameniandikia jaa chumbani!”

“Jaa gani?”

“Si hili hapa! Vidoa vya kahawia ni majaa, wameandika wenyewe pembeni. Nyumba yangu hii. Kidoa hiki. Kiko wapi? Kiko ndani! Kwenye kona ya kitanda! Mimi, ambaye sakafu yangu unaweza kupakulia wageni! Mimi nauza mkaa lakini shuka zangu nyeupe, mtaa mzima unaziona kwenye kamba!”

Fundi akaichukua karatasi. Akaangalia. Akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu mzee wa ovaroli apite, kicheko kilichomtoka tumboni mpaka Redio naye mdomo ukamcheza pembeni, ingawa alikuwa amekuja kugomba.

Halafu kicheko kikakatika.

“Lile jaa lenyewe liko wapi hasa?”

“Kwani hulijui? Nyuma ya nyumba yangu, hatua saba kutoka ukutani, linanuka kila mwaka.”

“Na yale matairi mabovu?”

“Nyuma ya kwa mshona viatu.”

“Hapa yamo sebuleni kwake.”

Redio akainama. “Mungu wangu. Na yeye kakaa kimya?”

Fundi akaitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, akavaa miwani. Alikuwa hajui kusoma ramani, lakini karatasi zenye vipande vilivyochorwa juu yake alikuwa amezisoma maisha yake yote. Akafuata mstari wa mto kwa kidole. Akavuka ng'ambo. Kule kulikuwa na gereji ambayo kila mtu alijua imekalia ukingo, mtu akiangusha spana inaangukia majini. Kwenye karatasi gereji ilikuwa imekaa mbali na mto, salama salimini, wala haina kosa.

“Huku kwetu nyumba zimeusogelea mto,” alisema polepole. “Kule ng'ambo zimeukimbia. Zote zimeenda upande mmoja. Zote sawasawa.”

“Sasa ndiyo nini?”

“Mwaka wa kwanza wa kujifunza kushona, niliharibu gauni la watu. Kitambaa kilikuwa na ua moja kubwa, mteja anataka likae kifuani. Nikalaza karatasi ya mfano juu ya kitambaa, sikubana pini, nikakata. Karatasi ikateleza. Gauni lilitoka na umbo sawa, kola sawa, kila kitu sawa. Ua liko kwapani.”

Redio alimtazama kama mtu aliyeishiwa na betri.

“Mwalimu!” Fundi aliita. “Hebu toka huko. Niambie, hizi nyumba ulibana pini wapi?”

Mlango ulifunguka. Macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu, lakini kalamu bado imo mkononi. Fundi akamsogezea kigoda, akamuuliza tena, safari hii kwa upole zaidi, nyumba zilichorwaje.

“Majaa tuliyafuata kwa miguu,” Mwalimu alieleza. “Wanafunzi walisimama juu ya kila jaa na simu, simu ikarekodi mahali waliposimama. Ukingo wa mto nao tuliutembea hivyo hivyo, mwanzo mpaka mwisho. Nyumba nilizichora mwenyewe hapa nyumbani, kwenye kompyuta, juu ya picha ya setilaiti.”

“Yaani picha iliyopigwa kutoka juu.”

“Ndiyo, Mama. Unaona mapaa, unayafuata kwa mstari.”

“Na ulijuaje hiyo picha imekaa sawa juu ya kazi ya watoto?”

Mwalimu akainama mezani. Akaitazama karatasi, kidoa cha kahawia ndani ya nyumba ya Redio, matairi sebuleni kwa mshona viatu, gereji ya ng'ambo.

“Picha huwa zinapishana na ardhi,” alisema kwa sauti ndogo. “Mita tano, mita kumi. Tulifundishwa. Kabla hujachora unaisogeza picha mpaka ilingane na vipimo vya chini. Ni kazi ya dakika tano.” Akaiweka kalamu mezani. “Ilikuwa Ijumaa. Kijarida kilikuwa kinafungwa saa kumi jioni. Niliiona imekaa vizuri, sikuisogeza. Mama, nimewavunjia watu nyumba kwa dakika tano.”

“Hujavunja bado. Umekata vibaya. Nyanyuka, tufumue.”

Redio alikuwa amesimama katikati yao, amesahau kabisa kilichomleta. Kisha akakumbuka.

“Kwa hiyo jaa halimo chumbani kwangu?”

“Halimo,” Mwalimu alisema.

“Basi litoe! Mimi nikishatoka hapa natangaza.”

Ofisi ya afisa mipango ilikuwa na benchi moja la wageni na meza iliyopungua mguu mmoja. Mahali pa mguu huo palikuwa pamewekwa rundo la barua. Fundi alizitazama zile barua muda mrefu, akielewa sasa malalamiko huwa yanaishia wapi.

Mwalimu alikuwa bado koridoni, anaongea kwa simu. Sauti ya mwalimu mkuu ilisikika mpaka kwenye benchi.

“Sikiliza, Mwalimu, usiandike kwamba shule imekosea. Andika kwamba mtandao ulikuwa na tatizo. Kila mtu anajua mtandao una matatizo.”

“Mtandao haukuwa na tatizo, Mwalimu Mkuu. Mimi ndiye niliyekosea.”

“Unajiharibia jina.”

“Jina nitaliosha. Nyumba za watu siwezi kuziosha.”

Aliingia akakaa karibu na mama mkwe wake. Fundi alisogeza pochi yake ili waweze kukaa bega kwa bega.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Alipoonyeshwa jaa la kwa Redio aliuma midomo asicheke. Alipoonyeshwa gereji hakuwa na hamu ya kucheka tena, kwa sababu ramani ile ile aliipeleka mwenyewe kwa wakubwa wake, na hakuna mkubwa anayependa kuambiwa kapokea kitu kilichoteleza.

“Barua za malalamiko ninazo nyingi,” alisema hatimaye. “Nileteeni vipimo. Kila nyumba, kutoka ukingo mpaka ukuta wa karibu, viandikwe na wenyewe wasaini. Jumamosi nitakuja na futi yangu. Nitapima tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Zikilingana na zenu, nyingine nitaamini sahihi za watu.”

“Na zitakazokutwa ndani ya kumi na tano?” Fundi aliuliza.

“Zitakazokuwa ndani kweli, mama, zitavunjwa kweli.”

Wakati wa kurudi Fundi alihesabu safu yao kichwani. Ya kwanza, ya sita, ya kumi na moja. Yao ilikuwa ya nane.

Alhamisi alasiri darasa zima lilishuka mtoni, wanafunzi thelathini na wanane, wakiwa na vigingi, madaftari, na futi ndefu ya mwashi yenye mita hamsini. Wakazi wa safu walikuwa wameshasimama nyuma ya nyumba zao, mikono kifuani. Mwalimu hakuanza na vigingi. Alipanda juu ya tofali.

“Ramani iliyowaletea rangi nyekundu niliichora mimi,” alisema. “Kazi ya wanafunzi ilikuwa sawa. Mimi niliharakisha, nikaacha hatua moja, nyumba zenu zikasogea. Naomba radhi. Leo tunapima kwa mkono, na kila mwenye nyumba atasimama aone.”

Mtu mmoja akakohoa. Kisha kiranja wa darasa, msichana mrefu mwenye daftari la kuandikia vipimo, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

“Mwalimu, sisi tukisahau hatua unatukata alama tano. Wewe nani anakukata?”

Kicheko kikaanzia kwa Redio kikazunguka safu nzima, na kilipoisha mikono mingi ilikuwa imeteremka kutoka vifuani.

“Nikateni kumi,” Mwalimu alisema. “Haya, vigingi.”

Kwanza walibishana ukingo uanzie wapi. Mshona viatu alitaka uanzie kwenye maji yenyewe. Mwalimu akawaonyesha vichaka: mifuko ya plastiki ilikuwa imenasa matawini kwa mstari mmoja, kama mtu kaianika, pale maji yalipofika mvua iliyopita. Hapo ndipo ukingo. Kigingi kikapigwa kwa mshona viatu, kingine kwa Redio, na nyuma ya kila nyumba.

Kushika sifuri, yaani mwanzo wa futi kwenye kigingi, aliombwa Fundi. Hakuna aliyepinga, mtaani hapakuwa na mkono mwingine wa kuaminiwa kwa kipimo. Mwanawe alishika ule upande wa ukutani na kusoma. Fundi alichuchumaa, akavuta mpaka futi ikanyooka na kutetemeka.

“Kumi na tisa!” mwashi akasoma. Mwenye nyumba ya kwanza akashika kichwa, akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu mwaka jana.

Ishirini na moja. Kumi na saba na sitini. Kwa Redio, kumi na nane na ishirini, na jaa likapimwa pia kwa ombi lake maalumu, likakutwa nje, mita sita kutoka kwenye kitanda. Redio alitembea safu nzima akiitangaza sita hiyo.

Wakafika ya nane.

Fundi aliona kabla futi haijanyooshwa. Jicho la miaka mingi haliombi ruhusa. Mto ulikuwa umepinda kidogo nyuma ya nyumba yao, na chumba cha kushonea kilikuwa kimetokeza mita nne na zaidi kuufuata. Nyumba yenyewe ilikuwa salama. Chumba kile, hapana.

Mwanawe naye alikuwa mwashi, aliona. Akaja mpaka kwenye kigingi, akachuchumaa kama anayefunga kamba ya kiatu.

“Mama,” alinong'ona. “Shuka hatua mbili. Pale kwenye jiwe la kufulia. Shika hapo.”

“Kigingi kiko hapa.”

“Kigingi kinang'oka. Afisa hapimi ya nane. Na hawa majirani, leo kuna wa kutusema? Tumewaokolea nyumba.”

Fundi alilitazama jiwe. Hatua mbili tu. Akakitazama chumba: dirisha ambalo yeye mwenyewe alisema liwekwe wapi, ili alasiri mwanga uangukie kwenye sindano. Alikuwa na umri ambao mtu haanzi tena kushonea barazani. Mkono wake, akiwa bado hajaamua, ulikuwa umeshakiachia kigingi.

Halafu akamwona kiranja, kalamu tayari juu ya daftari, anasubiri. Sketi aliyovaa ilikuwa ya Fundi. Kiuno kilimkaa barabara, hakipwai wala hakibani. Wiki tatu zilizopita msichana huyu alisimama ndani ya chumba hiki hiki akavuta tumbo mpaka mbavu zikaonekana, na Fundi akamgonga kitovuni.

Fundi akakishika tena kigingi.

“Achia tumbo, mwanangu,” alimwambia mwanawe. “Nenda kasome.”

Mwashi alibaki amechuchumaa kidogo. Kisha akanyanyuka, akaenda ukutani kwa miguu mizito, akabandika futi kwenye tofali alilolipanga kwa mikono yake.

“Kumi na tatu,” alisoma. Akafuta vumbi kwenye futi. “Kumi na tatu na arobaini.”

Safu nzima ilisikia. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

“Niandike?” kiranja aliuliza.

“Andika,” Fundi alisema. “Na nukta zake.”

Jumamosi afisa alipima ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja. Zililingana mpaka sentimita. Mzee wa ovaroli alikuja na kopo jingine, la chokaa, akazifunika alama moja baada ya nyingine, na safari hii kila mlango alipita kwa salamu kwanza.

Kwenye ya nane afisa alisimama na orodha mkononi.

“Hii sikupanga kuipima,” alisema.

“Tunajua,” Mwalimu alimjibu.

“Mmepungukiwa mita moja na sentimita sitini.”

“Sifuri niliishika mimi,” Fundi alisema. “Nyumba inabaki. Chumba kinatoka. Una la kuongeza?”

Afisa akaikunja orodha. Kabla hajaondoka alimwomba Mwalimu ramani mpya, akaitazama ng'ambo, kwenye gereji iliyokuwa imerudi mahali pake, mita nne kutoka majini na vidoa vyote vya mafuta miguuni. Akamwita mzee wa ovaroli. Wakaelekea darajani na lile kopo jekundu.

Jumatatu mwashi alianza kuvunja. Hakutumia nyundo kubwa. Alichokoa tofali moja moja kwa patasi, kama anayefumua mshono bila kuchana kitambaa, na yalitoka mazima. Siku ya kwanza alifanya kazi peke yake. Siku ya pili Redio alikuja na mkokoteni wake wa mkaa, akaanza kuyahamisha upande wa mbele, barabarani, akitangaza kila safari amebeba mangapi. Mshona viatu akaleta mchanga. Yule wa nyumba ya kwanza alileta dirisha kuukuu lililokuwa limekaa darini kwake miaka mingi. Kufikia mwisho wa wiki ya pili palikuwa na chumba mbele ya nyumba, kifupi kwa mita moja kuliko cha zamani, mwanga wake wa asubuhi badala ya alasiri.

“Kinabana,” Fundi alisema alipoingia.

“Nitakipanua, Mama.”

“Usikiguse. Hapa kila anayepita ananiona.”

Na ni kweli. Mama wa mahafali alikuwa wa kwanza kupita. Alirudi na kitambaa chake chini ya kwapa, hatazami usoni. Fundi alichukua utepe.

Siku ile ile Mwalimu alikuja kukaa kwenye kona ya meza ya kukatia, simu mkononi, akamsomea barua anayoituma kwenye kijarida. “Katika toleo lililopita darasa langu lilichapisha ramani yenye kosa. Kosa ni langu. Naandika ili walimu wenzangu wasilirudie, na ili wanafunzi wajue kwamba ramani hurekebishwa. Kosa liligunduliwa na fundi cherehani mmoja na muuza mkaa mmoja, kwa sababu wao wanajua jaa lao liko wapi.”

“Haisomeki vibaya,” Fundi alisema. “Mwalimu mkuu kasemaje?”

“Kasoma mara mbili. Kasema nirudishe somo la ramani, ila nisiandike jina lake.”

“Na jaa?” sauti ya Redio ilitokea dirishani. “Andika manispaa wameleta gari! Andika limebebwa lote! Au mpaka nije niandike mwenyewe?”

Mwalimu akaongeza mstari huku anacheka.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Kiranja aliingia, sketi yake imenyooka, na simu ya darasa mkononi. Chumba kipya kilikuwa hakimo kwenye ramani, alisema, na Mwalimu amemtuma akitie. Ila safari hii ni lazima mtu asimame mahali penyewe.

“Nisimame mimi?” Fundi aliuliza.

“Wewe, Fundi. Mlangoni hapo. Usisogee, simu inatafuta.”

Fundi akasimama mlangoni. Akarekebisha kanga kiunoni, akanyoosha shingo, akakaza uso kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Barabarani watu walipita na kumtazama. Simu ilichukua muda. Kiranja akainua macho kutoka kwenye kioo, akamwangalia juu mpaka chini, akatabasamu.

“Fundi,” alisema, akanyoosha kidole mpaka kikakaribia kitovu, kwa adabu, bila kumgusa. “Achia tumbo.”